Chaja ya Bei Nafuu Huanza na Mchoro Ulio Wazi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mafundi wa umeme na elektroniki pamoja na wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Wenzetu waliokuwa kazini siku ile wameniomba niiweke nzima. Picha za kwenye skrini nimeziacha. Nilichokionyesha nimekieleza kwa maneno.

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu mafundi, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma na madaftari yenu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze jinsi watu wanaopenda elektroniki, walioko nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawajawahi kupeana mikono, walivyoweza kubuni chaja za betri kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Nitaeleza. Lakini kwanza nina swali, na kila mmoja ajibu moyoni mwake: unaponunua chaja, unalipia nini?

Unalipia shaba? Unalipia plastiki? Unalipia zile transista, swichi ndogo za elektroniki? Sisi hapa tumefungua chaja nyingi. Tunajua kilichomo. Vipuri vingi tunavijua kwa majina, na kwa kuzunguka Kariakoo asubuhi moja utapata karibu vyote. Ukijumlisha bei zake, haifiki bei iliyoandikwa kwenye boksi. Kodi ipo, usafiri upo, faida ya muuza duka ipo, na hayo ni halali yao. Lakini lipo jambo jingine ndani ya bei ile: kuna mtu alijua koili izungushwe mara ngapi, volti, yaani msukumo wa umeme, zikome wapi, waya gani uwe mfupi. Kuna mtu aliunguza transista nyingi ili wewe usiunguze. Hayo ni maarifa. Maarifa yakifungwa kabatini, kila anayeyahitaji huyanunua upya. Yakiwekwa wazi, bei inayobaki ni ya vipuri na mikono ya fundi.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Na nitalisema pamoja na masharti yake, maana uwazi usio na nidhamu unaua watu.

Tuanze na betri yenyewe. Nani anaamrisha kazi ya chaja? Si mbunifu, wala si mnunuzi. Ni betri. Betri ya lithiamu ya kawaida, ile ya simu na ya tochi, kila seli inataka ijazwe mpaka volti 4.2 na hapo ikome. Lithiamu ya aina ya fosfeti, inayotumika sana siku hizi kwenye sola, inataka karibu volti 3.65 kwa seli. Betri yetu ya risasi na asidi, ya volti 12, yenye seli sita ndani yake, inataka kupelekwa mpaka kama volti 14.4, kisha ikishajaa ishushwe na kushikiliwa kati ya volti 13.5 na 13.8. Ukiipa lithiamu ya fosfeti chaja ya volti 4.2 umeiharibu. Ukiiacha betri ya asidi kwenye volti 14.4 usiku na mchana, maji yanachemka, sahani zinabaki wazi, na betri imekwisha.

Namna ya kujaza nayo ina mpangilio wake. Unapojaza ndoo bombani, mwanzo unafungulia maji kwa nguvu. Ikikaribia ukingo unapunguza, la sivyo yanamwagika. Chaja nzuri hufanya hivyo hivyo. Mwanzoni inashikilia ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, zisibadilike, volti za betri zinapanda taratibu. Zikifika kikomo, inashikilia volti zisibadilike, na ampea zinashuka zenyewe. Ampea zikishuka vya kutosha, inakata.

Je, kazi hiyo ni ngumu kiasi cha kuhitaji kiwanda? Angalieni kibodi hiki kidogo, yaani bodi ndogo ya saketi, chenye chipu ya TP4056. Wengi mnacho mkobani. Kinachaji seli moja ya lithiamu, kinakoma kwenye volti 4.2, na ampea zake zinapangwa na rezista moja tu, kipuri kinachozuia umeme na kupimwa kwa omu: ukiweka ya kilo-omu 1.2 unapata ampea 1, ukiweka ya kilo-omu 10 unapata kama miliampea 130. Kinakata chenyewe ampea zikishuka kufikia sehemu ya kumi ya zile ulizopanga. Haya yote yameandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu, na yeyote anaweza kuisoma. Lakini ni wangapi hapa wameisoma karatasi ile mpaka mwisho? Nawauliza kwa upendo. Betri ndogo ya miliampea-saa 300 iliyofungwa kwenye kibodi cha ampea 1 inateseka, na inateseka kwa sababu ya rezista moja ambayo hakuna aliyeibadilisha.

Sasa nije kwenye joto, maana hapa ndipo nchi zetu zinapopata hasara kubwa. Kuna kinyozi mmoja kijijini ana paneli juu ya bati, betri ya volti 12, chaji kontrola ya bei ya chini, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, na mashine yake ya kunyolea. Betri ya kwanza ilikufa mapema. Aliambiwa betri ni feki. Akanunua nyingine, nayo ikafa. Akaambiwa tena ni feki. Nilipokwenda kupima saa za mchana, kwenye vichwa vya betri nikakuta zaidi ya volti 15, ndani ya chumba cha bati ambacho mtu mwenyewe anatokwa jasho akiwa amekaa tu. Betri hazikuwa feki, ndugu zangu. Zilikuwa zinachemshwa.

Betri ya asidi ikipata joto, kikomo chake cha volti kinatakiwa kishuke: kwa kawaida milivolti 3 hadi 5 kwa kila seli, kwa kila digrii moja juu ya digrii 25. Pigeni hesabu pamoja nami. Chumba kina digrii 35. Hizo ni digrii 10 za ziada. Seli ni sita. Kikomo kinatakiwa kishuke kwa volti 0.18 hadi 0.3. Volti 14.4 zinakuwa kati ya 14.1 na 14.2. Inaonekana ndogo? Kwa betri inayochajiwa kila siku ya Mungu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kudumu na kuoza. Na kifaa cha kupima joto hilo ni rezista ndogo inayobadilika kwa joto, kitu cha bei ya chini kabisa. Kontrola ya kinyozi haikuwa nayo. Aliyeibuni alipunguza gharama mahali ambapo mteja hawezi kupaona, na mteja akailipa gharama hiyo mara mbili kwa kununua betri.

Je, angewezaje kujua kabla ya kununua? Asingeweza. Kasha limefungwa, mchoro hakuna, programu iliyomo ndani hakuna anayeijua. Linganisheni na mradi wa Libre Solar wa Ujerumani. Wale wameweka wazi michoro ya chaji kontrola zao za sola, mpangilio wa bodi, na programu inayoendesha chipu. Ukiifungua programu ile, fidia ya joto, yaani kiasi cha kushusha volti joto likipanda, unaiona imeandikwa kama namba. Fundi wa Dodoma anaweza kuisoma, akajua ipo, akaibadilisha kulingana na betri aliyonayo. Huo ndio unafuu ninaouzungumzia mimi. Bei ya siku ya kununua ni sehemu yake tu. Sehemu nyingine ni betri ambazo hutazinunua tena.

Jambo la pili. Kabla ya kubuni kitu cha bei nafuu, uliza: ndani ya hili kasha la bei kubwa kuna nini hasa?

Nitawapa kisa cha OpenEVSE, kifaa cha kuchajia magari ya umeme ambacho michoro yake iko wazi, na nitakaa nacho kidogo. Mwanzoni mwa muongo uliopita, magari ya umeme kama Nissan Leaf yalipoanza kuuzwa Marekani, wenye magari waliambiwa wafunge nyumbani kasha la kuchajia ukutani, kwa bei kubwa. Mtu mmoja huko, Chris Howell, akajiuliza swali dogo: je, ile ishara inayotoka kwenye kasha kwenda kwenye gari, naweza kuitengeneza kwa Arduino? Arduino mnaijua, ni bodi ndogo ya kujifunzia iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi. Hakuanza kwa kubuni bidhaa. Alianza kwa kujaribu ishara moja.

Ishara hiyo ni ipi? Iko kwenye kiwango kinachoitwa J1772, yaani makubaliano ya jinsi gari na kasha vinavyounganishwa. Ni wimbi la mraba linalopanda mpaka volti 12 na kushuka mpaka hasi 12, mara elfu moja kwa sekunde. Upana wa wimbi, yaani sehemu ya muda linapokuwa juu, ndio unaoliambia gari ni ampea ngapi linaruhusiwa kuvuta: zidisha asilimia ya upana kwa 0.6. Asilimia 10 ni ampea 6. Asilimia 50 ni ampea 30. Na gari linajibu kwa kuweka rezista: volti 12 zikishuka mpaka 9, maana yake gari limechomekwa, zikishuka mpaka 6, gari linasema niko tayari, nipe umeme. Hapo relei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, inaunganisha, na umeme unakwenda.

Mmeelewa kilichofichuka hapo? Kasha la ukutani halichaji betri. Chaja yenyewe, ile inayogeuza umeme na kupima volti za betri, iko ndani ya gari. Kasha la ukutani ni swichi kubwa yenye akili na ulinzi. Ukishalijua hilo, hutatishika tena na bei. Wapenzi wa elektroniki walikusanyika kwenye wazo lile, huyu akaboresha bodi, yule akaandika programu, mwingine akapima kwenye gari la aina nyingine, na kikapatikana hicho OpenEVSE, kifaa ambacho mtu anaweza kukiunganisha mwenyewe na kukielewa chote.

Sasa sikilizeni kuhusu diodi, hasa ninyi vijana. Kwenye gari, kwenye waya ule wa ishara, kuna diodi moja. Diodi ya kawaida kabisa, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kazi yake nini? Gari likiwa limechomekwa, upande wa juu wa wimbi unashuka mpaka volti 9 au 6, lakini upande wa chini unabaki hasi 12 bila kuguswa, kwa sababu diodi inazuia. Sasa chukulia mvua imenyesha, plagi imeanguka kwenye dimbwi, au mtoto ameshika plagi kwa mikono yenye maji. Maji nayo yana ukinzani. Yanaweza kuvuta volti za juu zikashuka, kifaa kikadhani ni gari. Lakini maji hayana diodi. Yatavuta na upande wa chini pia. Kifaa kinapima pande zote mbili, kikiona upande wa chini nao umeshuka, kinajua hili si gari, na relei haiunganishi umeme.

Diodi moja! Nani kati yetu hajawahi kutupa diodi kama ile kwenye ndoo ya taka? Inasimama kati ya umeme na mkono wa mtoto. Na ndani ya OpenEVSE kuna ukaguzi zaidi: kinaangalia kama waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, upo, kinaangalia kama relei imeganda, kinakata umeme ukivuja kwenda ardhini, na kinajijaribu chenyewe kabla ya kuruhusu umeme. Ukaguzi huu mwingi ni mistari ya programu na vipuri vichache. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chaja ya bei nafuu lazima iwe ya hatari, mwambie ukweli: ulinzi mwingi unagharimu fikra zaidi ya fedha.

Na haya si ya mbali na sisi. Leaf iliyotumika Japani ikashushwa Mombasa na kuendeshwa Nairobi ina tundu lile lile la J1772. Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa zinatakiwa ziwe za umeme. Kazi ya kuchaji betri kubwa inatujia, mafundi wa sehemu hizi zote, na itatukuta ama tunaelewa kilichomo ndani ya kasha, ama tunabadilisha makasha tu.

Jambo la tatu ndilo linalonitia hofu, na naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Miaka ile ile, huko Marekani na Ulaya, watu waliokuwa wakibadilisha magari ya petroli kuwa ya umeme kwenye gereji zao walikwama kwenye chaja ya ndani ya gari. Za dukani zenye nguvu ziliuzwa kwa maelfu ya dola. Wakaamua kubuni yao kwa pamoja, chaja ya kilowati 10 na zaidi. Mmoja wao, Valery Miftakhov, mtu aliyesomea fizikia, akaanzisha kampuni California, eMotorWerks, iliyouza vipuri vya chaja hizo kwa watu kujiunganishia huku michoro ikiwa wazi.

Kilowati 10 si simu. Ni kama pasi nane za nguo zinazowaka kwa pamoja. Hapo mchoro pekee hautoshi. Kwa nini? Kwa sababu kwenye mchoro waya ni mstari tu, hauna urefu. Kwenye bodi waya una urefu, na kila urefu ni koili ndogo inayokataa umeme ukatwe ghafla. Sentimita 10 za waya zina kama nanohenri 100, nanohenri ikiwa kipimo cha ukoili huo. Transista ya chaja inakata ampea 60 ndani ya nanosekunde 100. Pigeni hesabu: nanohenri 100, mara ampea 60, gawa kwa nanosekunde 100. Mnapata volti 60 zinazoruka juu ya volti zilizokuwapo. Ukikata kwa kasi mara mbili, ni volti 120. Transista iliyonunuliwa kwa kuvumilia volti 600, inayofanya kazi kwenye volti karibu 400, imebakiwa na nafasi ndogo sana. Kisha unasikia mlio, unaona moshi, na fundi anasema kipuri kilikuwa feki. Kumbe waya ulikuwa mrefu.

Ndiyo maana wabunifu wale walilazimika kushirikishana zaidi ya mchoro. Mpangilio wa bodi. Urefu wa waya. Picha ya wimbi kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umeme. Kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme kidogo, iwekwe wapi, karibu kiasi gani na transista. Na zaidi ya yote, habari ya kilichoungua, kiliungua kikiwa kwenye volti ngapi, ampea ngapi, joto gani. Ndugu zangu, sisi tuna tabia ya kusifia kilichofaulu na kuficha kilichoungua. Kilichoungua kikiandikwa vizuri kinamwokoa mwenzako. Kikifichwa, kila mmoja anaungua kivyake. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi hao wawe wanaambiana ukweli.

Halafu ipo hatari yenyewe. Chaja nyingi kubwa za kujiundia za wakati ule hazikuwa na transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na betri. Kuondoa transfoma kunapunguza bei, kunapunguza uzito, kunaongeza ufanisi. Lakini maana yake ni kwamba gari likiwa linachaji, betri yote imeunganishwa na umeme wa ukutani. Ukigusa kichwa cha betri huku umesimama ardhini, umeshika umeme wa nyumba. Wako waliotetea: betri imefunikwa, hakuna anayeigusa, na kuna kifaa cha kukata umeme ukivuja. Wako waliopinga kwa nguvu. Mimi nasema wazi niko upande gani: kwa nyumba zetu, ambako mara nyingi ethi ni waya uliochomekwa kwenye udongo mkavu, au haupo kabisa, chaja ya umeme wa ukutani isiyo na utenganisho isijengwe na mtu wa kujifunza. Isijengwe. Nasema tena: isijengwe. Unafuu unaopatikana kwa kuondoa ukuta kati ya umeme na mtu si unafuu.

Kwa anayeanza, nguvu ndogo kwanza. Paneli na betri ya volti 12, ambako hakuna umeme wa ukutani. Fyuzi karibu na betri, maana betri ya asidi ikigongana waya inaweza kutoa mamia ya ampea na kuchoma nyumba. Siku ya kwanza ya kuwasha, weka balbu ya zamani ya nyuzi kwa mfululizo, umeme wote upite kwenye balbu hiyo. Ikiwaka kwa nguvu, kuna mahali pamegongana, na transista zako ziko salama. Mnaochaji betri za asidi, fungueni madirisha, maana hewa inayotoka ina hidrojeni, na inaweza kulipuka. Haya mnayajua. Nayasema kwa sababu mchoro wa mtandaoni haumwambii kijana wako, mwambie wewe.

Jambo la nne nitalipitia haraka, ingawa ni zito. Nani anabaki na kifaa, kampuni ikiondoka?

Kampuni ile ya California iliendelea ikatoa kasha la ukutani liitwalo JuiceBox, ikachangisha fedha kwa watu kupitia mtandao wa Kickstarter mwaka 2013, michoro ya mwanzo ikiwa wazi. Likapendwa. Mwaka 2017 kampuni ikanunuliwa na Enel, kampuni ya umeme ya Italia. Matoleo ya baadaye yakategemea programu na seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali. Mwaka 2024 Enel ikatangaza kufunga biashara hiyo Amerika Kaskazini. Makasha ya nyumbani yaliendelea kupeleka umeme, lakini vituo vya biashara vilivyotegemea programu viliachwa bila huduma, na wenye nyumba wakabaki wakijiuliza huduma ya programu ingedumu hadi lini. Kisha nini kikatokea? Wapenzi wa elektroniki wakaandika programu ya kuongea na kasha bila kupitia seva ya kampuni, na wengine wakatengeneza bodi mbadala ya kuingia ndani ya kasha lile lile, wakitumia ujuzi uliokuwa umewekwa wazi miaka yote. Relei zilikuwa nzima. Nyaya zilikuwa nzima. Kilichokosekana kilikuwa akili tu, na akili ilikuwepo, imehifadhiwa hadharani.

Nani hapa hana stoo yenye kontrola au inveta ambayo vipuri vyake vyote vizima isipokuwa chipu moja iliyofungwa programu? Sola za kulipia kidogo kidogo zilizozimwa kwa sababu kampuni imehama? Tunazo. Tunazo nyingi. Hasara ile si ya Marekani peke yake.

Basi sisi tufanye nini? Sipendekezi tuanze na gari. Napendekeza kikundi hiki kibuni chaji kontrola moja ya sola, ya volti 12 na ampea 10, kwa betri ya asidi na lithiamu ya fosfeti, yenye kupima joto. Michoro tuichore kwa KiCad. Ni programu ya bure, ilianzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992, baadaye kituo cha utafiti cha CERN kikachangia kuikuza, na haitamdai mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA leseni. Bodi tuagize kwa pamoja, kwa sababu bodi tano na bodi hamsini hazitofautiani sana kwa gharama ya kuziandaa. Vipuri tuchague vinavyopatikana hapa. Kipuri bora kinachongojewa bandarini ni kipuri kisichokuwepo. Na kikomo cha volti, fidia ya joto, ampea, vyote viandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya kifuniko, ili fundi atakayekifungua baada yetu asibahatishe.

Sharti langu ni moja kwa kila atakayejiunga. Ukiibadilisha ikawa bora, rudisha mabadiliko. Ikiungua, rudisha habari ya kuungua, pamoja na vipimo. Ukiiuza, iuze, ule jasho lako. Mchoro ulio wazi haukatazi biashara. Lakini usiufunge tena.

Kazi inaanza kabla ya mchoro, kwa vipimo. Kila mmoja aliye na mteja wa sola, apime betri moja kwa wiki moja: volti za asubuhi kabla ya jua, volti za saa saba mchana, joto la chumba, na aina ya kontrola iliyofungwa. Aandike kwenye daftari, sio kichwani. Vijana wasio na mita, mwenyekiti ameniambia chama kina mita za kuazima, jiandikisheni kwake kabla ya kuondoka. Mkutano ujao tutaziweka namba zote ubaoni na kuamua kikomo cha volti cha kontrola yetu kutokana na betri zetu na joto letu.

Mzee wangu pale mbele ameshanyoosha mkono muda mrefu. Karibu, mzee, swali lako.